Nani tajiri Toronto? Jedwali lina mdomo, lakini halisemi yote

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya familia ya WhatsApp, kutoka Maskati hadi Dubai hadi huku kwetu baridini. Imeandikwa kwa herufi kubwa: familia ya kawaida ya Kanada ina mali ya dola 519,700. Chini yake mtu kaongeza kwa mkono wake, "Na sie bado tunahangaika na mikataba ya miaka miwili miwili."

Namba yenyewe ni ya kweli. Imetoka idara ya takwimu ya Kanada, katika uchunguzi wa mwaka 2023 uliotangazwa Oktoba 2024. Katika uchunguzi wa kabla yake, wa 2019, namba hiyo hiyo ilikuwa 329,900. Kwa hiyo hakuna aliyedanganya. Tatizo ni kwamba mie naishi Toronto, na naona namba za aina hii zinafanya kazi mbili mbaya. Vijana wetu huko Ghuba wanazitumia kupanga maisha yao. Na watu wazima, huku na huko, wanazitumia kusutana: kabila gani limejitahidi, kabila gani limezembea. Msikitini baada ya Ijumaa nimeshasikia zaidi ya mara moja, "Wahindi walikuja na sanduku moja, tazama leo. Wasomali walikuja karibu wakati ule ule, tazama leo." Ati takwimu zinasema.

Hebu tuzisikilize hizo takwimu zinasema nini hasa.

Hiyo 519,700 si wastani. Wamepangwa Wakanada wote kwa mstari, kutoka asiye na kitu hadi bilionea, akachukuliwa aliyesimama katikati. Hapo idara ya takwimu imefanya vizuri, maana wastani wa kugawanya kwa wote ni mchezo wa kitoto. Mo Dewji akipanda daladala la Mbagala lenye abiria thelathini, kila abiria, pamoja na konda, kwa wastani ana mamilioni ya dola. Nauli mtu bado hana.

Kisha wamehesabu mali yote ya familia, wakatoa madeni. Na mali hiyo ni nini? Kwa familia nyingi za kawaida hapa, sehemu kubwa ni nyumba. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba familia za vijana wa chini ya miaka 35 wenye nyumba yao walikuwa na mali ya dola 457,100 pale katikati ya mstari. Vijana wa umri ule ule wasio na nyumba? 44,000. Ni zaidi ya mara kumi, na hawa wote wanafanya kazi katika miji ile ile, wengine dawati moja.

Ami yangu mmoja anaishi Scarborough, mashariki ya jiji. Alinunua nyumba katikati ya miaka ya tisini, wakati bei ya wastani ya nyumba eneo la Toronto ilikuwa kama dola 200,000. Mwaka 2022 wastani huo ulipita milioni 1.1. Kwenye jedwali ami ni milionea. Kwenye sebule yake anavaa sweta mbili, maana hita anaipunguza ili bili isimzidi, na kila mwezi anasubiri pensheni ya serikali kama tunavyoisubiri mvua. Hawezi kuila ile milioni mpaka aiuze nyumba, na akiiuza atahamia wapi? Nyumba ya jirani nayo ni milioni. Isitoshe, ile ni mali ya kupanda na kushuka bila yeye kunyanyua kidole. Februari 2022 wastani ulivuka milioni 1.3, baadaye ukaporomoka. Katika muda ule ami hakuwa hodari zaidi wala mvivu zaidi.

Sasa tuje kwenye makabila, ambako ndiko ugomvi uliko.

Sensa ya Kanada hufanyika kila miaka mitano, na robo ya kaya hupewa fomu ndefu yenye swali la asili ya mtu. Kuna visanduku: Mweupe, Asia Kusini, Mchina, Mweusi, Mfilipino, Mwarabu, Mlatini, na vingine kadhaa. Ukiona takwimu yoyote ya hapa inayolinganisha watu kwa asili, uwezekano mkubwa imepitia visanduku hivi au ndugu zake. Visanduku vilibuniwa kwa nia njema. Vinatokana na sheria ya usawa kazini ya mwaka 1986, na lengo lilikuwa kuona nani anabaguliwa maofisini. Sina ugomvi na lengo hilo.

Lakini chukua familia moja ya kwetu. Nawajua ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, wazaliwa wa Unguja, wawili kati yao walipitia Maskati kabla ya kufika huku. Mkubwa alitia alama kwenye Mwarabu, kwa sababu pasi yake ni ya Oman na babu yao ukoo wake wa kule. Wa pili akatia Mweusi, kwa sababu, anasema, polisi wa Toronto hawamuulizi habari za babu yake. Dada yao alitia vyote viwili. Ndugu hawa wanakula sahani moja sikukuu, lakini kwa serikali mali zao zimeingia katika jamii tofauti. Yule wa Oman alipouza nyumba yake kule na kununua hapa, aliwapandisha Waarabu wa Kanada. Mdogo wake anayepanga anawashusha watu weusi. Na Mswahili? Hayupo. Hana kisanduku, hana utajiri wala umaskini.

Jirani yao ni Khoja wa Dar es Salaam, anaongea Kiswahili cha Kariakoo kinachotuaibisha sote. Yeye ni Asia Kusini. Katika kisanduku hicho sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5. Ndani yake yumo daktari mstaafu wa Kampala aliyefika 1972, na yumo mwanafunzi kutoka Punjab aliyefika juzi, analala na wenzake sita kwenye chumba cha chini ya ardhi Brampton na usiku anapeleka vyakula kwa baiskeli. Ukichukua mtu wa katikati wa mstari huo, unamzungumzia nani? Si daktari, si mwanafunzi.

Kisanduku cha Mweusi nacho, chenye watu kama milioni 1.5, kina watu ambao mababu zao waliteremka Nova Scotia mwaka 1783 baada ya vita vya Marekani, wana Wajamaika ambao mama zao waliletwa kufanya kazi za ndani kuanzia 1955, wana Wanaijeria wenye shahada mbili mbili, wana Wasomali, Wakongo, Warundi na sisi. Sensa ya 2021 ilionyesha kaya 66.5 katika kila 100 za Kanada zinamiliki nyumba zinazokaa; kwa watu weusi haifiki nusu. Namba hiyo inaumiza na mie siikatai. Ila mtu akiichukua akasema "watu weusi hawajui kuweka akiba", hapo nataka kumuuliza: weusi wepi, wa tangu lini, na walifungiwa mlango gani?

Maana mlango upo, na tarehe zake zinajulikana. Turudi kwenye ule msemo wa msikitini wa Wahindi na Wasomali.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Walitoka na karibu mikono mitupu, biashara na majumba wakayaacha. Kanada iliwapokea zaidi ya 6,000, wengi wao Waismailia. Sasa fikiria idara ya takwimu ingewapima mali yao mwaka 1973. Ingekuta sifuri. Wangeonekana ni miongoni mwa jamii maskini kuliko zote Kanada. Lakini hawakuwa maskini kwa maana ambayo mie na wewe tunaijua. Walikuwa wamesoma kwa Kiingereza, wengi walikuwa wafanyabiashara, wauguzi, wahasibu, walimu. Maofisa wa uhamiaji wa Kanada waliwafuata Kampala kwenyewe, wakawapa karatasi kabla hawajapanda ndege. Walifika wakiwa wakaazi halali siku ya kwanza, na jumuiya yao ina taasisi za kusaidiana zilizokomaa tangu Afrika Mashariki. Na nyumba Toronto wakati ule zilikuwa bei ya kufikika. Leo ukipita Wynford Drive unaliona jumba la makumbusho la Aga Khan na kituo cha Waismailia, vilivyofunguliwa 2014, unasema mashallah. Ni haki yao, wamefanya kazi.

Wasomali wengi walianza kufika mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, wakajaa kwenye maghorofa ya Dixon Road, Etobicoke, karibu na uwanja wa ndege. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991. Mwaka 1993 Kanada ikabadilisha sheria, ikataka mkimbizi aliyekwishakubaliwa aonyeshe hati za utambulisho za kwao ndipo apewe ukaazi wa kudumu. Hati kutoka wapi? Hakukuwa na ofisi ya pasi Mogadishu, hakukuwa na ofisi ya chochote. Mwaka 1997 ikaletwa njia maalumu kwa Wasomali na Waafghani wasio na hati: wasubiri miaka mitano. Mwaka 1999 ikapunguzwa kuwa mitatu. Katika kusubiri huko huwezi kumleta mke wala mtoto aliyebaki kambini, kusafiri ni tabu, mkopo wa serikali wa kusomea chuo huna haki nao, na benki inakutazama mara mbili.

Tazama tarehe hizo halafu tazama bei za nyumba. Miaka ile ya katikati ya tisini, nyumba zikiwa kama laki mbili, ndiyo miaka ambayo mlango wa Toronto ulikuwa wazi kwa mtu wa kawaida. Ami yangu aliingia humo kwa sababu karatasi zake zilikuwa sawa. Wakati Wasomali wengi wanapata karatasi na kuanza kujikusanya, bei ilikuwa imeshaanza kupanda na haikurudi kule tena. Jedwali la leo linaonyesha pengo la mali kati ya jirani wawili waliotoka pwani moja ya Bahari ya Hindi. Halionyeshi kwamba mmoja alipewa ufunguo siku ya kwanza na mwengine aliambiwa asubiri uani.

Liko jengine ambalo watu wetu wanalijua lakini hawalisemi kwa sauti. Wasomali wengi, na Waswahili wengi, hawataki mkopo wa nyumba wenye riba. Wengine wameshikilia msimamo huo miaka thelathini, wanapanga, na kila mwaka kodi inapanda. Bajeti ya serikali ya Kanada ya Aprili 2024 ilitaja kwa mara ya kwanza nia ya kutazama mikopo ya halali. Mtu aliyeikimbia riba tangu 1994 kwenye takwimu ni "mpangaji asiye na mali", yuko kundi moja na aliyeshindwa kabisa kuweka akiba. Nami sisemi kwamba alikosea au alipatia. Nasema tu huwezi kujua sababu kwa kuitazama namba.

Na akiba zetu zinakaa wapi? Dhahabu ya bi mkubwa iko kabatini. Upatu wa akina mama, ambao Wasomali wanauita hagbad, kila mwezi unazungusha maelfu ya dola bila karatasi hata moja. Kiwanja kipo Fuoni, kimeandikwa jina la mjomba. Mpigie mtu wa namna hiyo simu umwambie wewe ni serikali, unataka kujua mali yake yote, akujibu nini? Upande wa pili, deni kubwa kuliko yote tulilo nalo halimo fomuni: watu kumi na mbili Mombasa wanaosubiri tarehe tano ya kila mwezi. Vijana wawili wenye mshahara mmoja na akiba moja benki, mmoja amebeba ukoo, mwengine wazazi wake ndio wanaomlipia bima ya gari. Jedwali linasema wako sawa sawa.

Sasa nije upande ambao wenzangu hawapendi nikiusema. Takwimu hizi pia zinaweza kulifanya pengo lionekane kubwa kuliko ubaguzi unavyoeleza. Umri, kwa mfano. Mwaka 2016 mtu mweusi wa katikati hapa Kanada alikuwa na miaka 29.6, wakati kwa Wakanada wote ilikuwa 40.7. Miaka kumi na moja ya kufanya kazi na kulipia nyumba si kitu kidogo. Mtu wa miaka 30 wa rangi yoyote ana mali pungufu kuliko wa 41. Halafu kuna suala la kaya. Familia ya Brampton yenye babu, wana wawili, wake zao na wajukuu ndani ya nyumba moja inahesabiwa kaya moja tajiri yenye mishahara minne. Mama anayelea watoto peke yake kwenye flati ya Jane na Finch naye ni kaya moja. Kuwalinganisha hawa kwa kaya ni kulinganisha jahazi na ngalawa kwa kuhesabu matanga. Wanaotaka kupiga kelele za ubaguzi wanaliruka hili. Wanaotaka kusema ubaguzi umekwisha wanalikumbatia hilo tu na kuacha yote mengine. Ukweli ni kwamba ukilinganisha watu wa umri mmoja pengo linapungua, lakini haliondoki. Marekani, ambako wamepima kwa muda mrefu zaidi, ndivyo lilivyo.

Na huko huko Marekani kuna mfano mzuri wa jinsi namba moja inavyoweza kuvaa nguo mbili. Kati ya 2019 na 2022, benki kuu yao inasema, mali ya familia ya katikati ya watu weusi iliongezeka kwa asilimia 60 hivi. Ya weupe iliongezeka kwa asilimia 31. Ukiishia hapo unapiga vigelegele. Lakini mweusi alifika dola 44,900 na mweupe 285,000, kwa sababu walianzia mbali mbali. Pengo lao kwa dola lilizidi kama 50,000 katika miaka ile ile mitatu. Gazeti moja linaandika "weusi wanawafikia", jengine "pengo lazidi kupanuka", na yote mawili yamesoma ukurasa mmoja.

Mwaka 2015 tawi la Boston la benki kuu hiyo lilitoa ripoti ambayo nadhani kila anayependa kusema "weusi" kwa jumla angeisoma. Familia za weupe wa jiji lile: dola 247,500 katikati ya mstari. Weusi wenye asili ya visiwa vya Karibi: 12,000. Weusi wenyeji wa Marekani: dola 8. Si elfu nane. Nane. Watu waliandika barua kuuliza kama ni kosa la uchapaji. Ukweli ni kwamba ukitoa madeni kwenye mali, nusu nzima ya watu wanaweza kusimama pembeni mwa sifuri, na daktari aliyehitimu jana na deni la chuo anakuwa chini yao. Waliohojiwa nao hawakuwa wengi. Dola 8 haikukuambia mtu anakula nini. Lakini 12,000 na 8 ndani ya kisanduku kimoja, hilo lilipaswa kumfungua kila mtu macho.

Nyie mlioko Ghuba mnalijua jambo hili kuliko mie. Qatar na Emirates kila mwaka zinatajwa kwenye orodha ya nchi tajiri kwa pato la kila kichwa. Raia wenyewe huko ni kama mmoja katika kila watu tisa au kumi. Pato linagawanywa kwa vichwa vyote, na kichwa cha mpakasementi wa Nepal na cha dada wa Mombasa anayelea watoto wa watu vimo. Matokeo yake raia anaonekana ana kidogo kuliko alicho nacho, na dada anaonekana tajiri. Yeye mwenyewe angeshangaa kuambiwa.

Sitaki mtu aseme basi tuzitupe takwimu. Kanada walikwishajaribu: sensa ya 2011 serikali iliifanya ile fomu ndefu kuwa ya hiari, na karibu theluthi ya waliopelekewa hawakuirudisha. Mwaka 2016 wakarudisha ulazima. Bila namba tusingejua kuwa watu weusi wasiofika nusu ndio wenye nyumba, na serikali ingesema hakuna tatizo. Ninachotaka ni kwamba Mswahili wa Toronto ajaze fomu ikija, ajaze vizuri, na palipo nafasi ya kuandika kwa maneno aandike. Na idara ya takwimu ioneshe mwaka wa kuwasili pembeni ya kila kisanduku inapotangaza mambo ya mali. Taarifa hiyo wanayo, wanauliza. Ni kuiweka tu kwenye ukurasa wa mbele badala ya kuizika.

Mpwa wangu wa Maskati, muuguzi, kanitumia ile picha ya 519,700 na swali moja: "Mjomba, nije?" Nimemwandikia kwamba mtu wa ile namba ana nyumba aliyoinunua zamani, na yeye hatakuwa huyo kwa muda mrefu. Nimemwambia aulize mambo matatu: leseni yake ya uuguzi itachukua muda gani kutambuliwa Ontario, chumba kimoja na sebule ni kiasi gani kwa mwezi (asitarajie chini ya dola 2,000), na watu wangapi nyumbani watakuwa wanamtegemea mwaka wa kwanza. Bado anapiga hesabu.